Masizi, Maziwa na Chokaa

Maji ya mto Tana yalipoondoka darasani kwetu, yalituachia tope zito sakafuni, samaki mdogo mkavu ndani ya dawati la kona, na ukuta wa mbele uliokuwa umebabuka. Ukuta ule ndio uliokuwa ubao wetu. Haukuwa wa mbao. Ilikuwa saruji iliyopakwa rangi nyeusi zamani, na sasa rangi ile ilikuwa ikidondoka vipande vipande kama gamba la mti. Ukiandika kwa chaki juu ya saruji tupu, huoni kitu. Nyeupe juu ya kijivu. Waliokaa nyuma walikuwa wakiuliza, "Madam, umeandika ama bado?"

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji wa Garsen. Shamba letu lilikuwa ukingoni mwa mto, la mahindi na migomba, na mwaka ule halikubaki hata shina. Tulihamia kwenye mahema juu ya mwinuko wa barabara, pamoja na majirani zetu wote. Mama alinunua sare yangu upya kwa mwanamke mmoja ambaye binti yake alikuwa ameacha shule, na ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa karibu kuacha. Sikuwa nimemwambia mtu. Asubuhi nilikuwa navaa ile sare iliyonipwaya mabegani nikijiambia niende leo tu, nione.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mwanamke wa Kipini, mfupi, mwenye sauti iliyofika mbali kuliko mwili wake. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, cha pwani ya kaskazini. Sisi tulichanganya Kipokomo na Kiorma na lolote lililokuwa karibu, na mara nyingi hatukumwelewa. Siku yake ya kwanza alimwita mvulana mmoja, "Ndoo hapa!" na yule mvulana akatoka mbio akarudi na ndoo ya maji. Alikuwa akimwambia njoo. Alicheka mpaka akaketi. Tangu siku hiyo tulimpenda, ingawa kemia yenyewe tuliiogopa.

Wiki tuliyorudi baada ya mafuriko, alikuta kabati la maabara limejaa chupa zilizopoteza karatasi zake za majina. Maji yalikuwa yamezilamba zote. Ndani mlikuwa na unga mweupe, unga mweupe mwingine, na maji yasiyo na rangi. Mwalimu mmoja wa kiume akashauri wazinuse wakisie. Mwalimu wetu akafunga kabati, akaweka ufunguo ndani ya pochi yake, akasema, "Hakuna wa kunusa. Zitachukuliwa na wanaojua kuzitupa." Kisha akaja darasani mikono mitupu.

"Leteni kesho kitu chochote mnachotumia hemani," alisema. "Chenye karatasi yake."

Tulileta tulivyokuwa navyo. Kulikuwa na sabuni za msaada, pakiti za ule unga wa kuchanganya na maji kwa mtu anayeharisha, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu, vidonge vya maumivu. Akavipanga juu ya meza na kutuuliza ni nini ndani ya kidonge. Tukajibu kwa pamoja: dawa.

"Dawa ni chembe tu," alisema. "Ingekuwa peke yake, usingeiona hata ukiishika. Kuna kitu humo cha kukipa kidonge mwili. Kuna cha kukishikanisha kisivunjike njiani kikafika Garsen kimekuwa unga. Kuna cha kukifanya kivunjike kikishafika tumboni. Kimoja kinashika, kingine kinaachia, na vyote vimo ndani ya kidonge kimoja. Nani aliviweka?"

Aliinua kidonge kimoja juu, akajijibu mwenyewe.

"Mtu. Aliketi akafikiri. Akapima, akakosea, akapima tena. Huu si mchanganyiko wa mchanga na chumvi ule wa kidato cha kwanza, wa kutenganisha kisha basi. Huu ni mchanganyiko wa makusudi."

Darasa likaangua kicheko. Kwetu makusudi ni neno la ugomvi. Ni lile analolia nalo mtoto aliyemwagiwa maji: amefanya makusudi! Yeye akatuacha tucheke, kisha akasema ndiyo, hasa, hilo hilo. Kila kitu kilichomo kimewekwa makusudi, kwa kiasi chake, kwa sababu yake. Akachukua ile pakiti ya unga wa wanaoharisha. Akatueleza kwamba chumvi imo kwa sababu mgonjwa ameipoteza, na sukari imo, si kwa utamu, bali kwa sababu utumbo huipokea chumvi vizuri zaidi ikiingia pamoja na sukari, na maji hufuata nyuma. Ukizidisha chumvi unamdhuru mtoto. Ukizidisha sukari unamwongezea kuhara. Vitu ni vile vile vya jikoni. Kiasi ndicho kinachovifanya dawa.

Katika hema la tatu kutoka letu alikuwamo mtoto aliyekuwa akinyweshwa unga ule wiki nzima. Nilikuwa nimemwona akirudi kutoka ulegevu hadi kukimbiza kuku, na nilidhani ni bahati yake. Siku ile, nikiwa nimekaa kwenye dawati lililokuwa bado na harufu ya tope, nilihisi kama mtu amenifungulia kifuniko cha jambo. Nikatamani kipindi kisiishe.

Sasa, kuhusu ubao. Barabara ilikuwa imekatika pande zote mbili na duka la vifaa vya ujenzi mjini lilikuwa lenyewe limeloa. Mwalimu mkuu alikuwa ameomba rangi, akaambiwa asubiri. Lakini kidato cha nne walikuwa na mtihani mbele yao, na mwalimu wetu alikuwa akiwachorea michoro kwa kidole hewani. Asubuhi moja alisimama mbele ya ukuta uliobabuka, akaugusa, akageuka.

"Wanangu, hebu niambieni. Rangi ya ubao ina kazi gani?"

"Iwe nyeusi," mmoja alisema.

"Nini tena?"

"Ishike ukuta."

"Nini tena?"

Hapo tulikwama. Aliyetutoa alikuwa mwenzangu wa dawati, msichana Muorma ambaye macho yake hayakuona mbali na ambaye hakupenda kusema mbele ya watu. Alisema kwa sauti ya chini, "Ishike chaki. Na ikifutwa, iachie."

Mwalimu alimtazama kwa furaha ambayo sijaisahau. "Kama kidonge," alisema. "Ishike, kisha iachie. Basi tutaitengeneza."

Tulianza na weusi, kwa sababu huo ulikuwa rahisi. Masizi yako kila mahali penye kuni. Tulikwangua sufuria za hemani, tukakwangua dari za mikahawa ya barabarani, tukarudi tumefanana na mafundi wa magari. Tukayatia masizi ndani ya maji tukakoroga. Yakaelea. Tukakoroga tena, yakaelea tena, makavu kabisa juu ya maji, kama vile maji hayakuwa yakiyahusu.

"Hayapendani na maji," alisema mwalimu. "Nani atawapatanisha?"

Tulijaribu hiki na kile hadi mtu akadondosha sabuni kidogo. Masizi yakazama mbele ya macho yetu, maji yakawa meusi kama usiku. Nilipiga kelele. Mwalimu mkuu alitoka ofisini akidhani kuna nyoka.

Tatizo lilikuwa gundi. Kwanza tulitumia ile ya mgunga, utomvu unaokusanywa porini upande wa Chewele, uliokuwa umebaki kwa mama mmoja mjini. Iliyeyuka vizuri, ikapakika vizuri, ikakauka ikang'aa. Tulipiga makofi. Mwalimu akachukua kitambaa kilicholowa akafuta mara moja, na ubao wote ukahamia kwenye kitambaa.

"Nani hakufanya kazi?" aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake kila tuliposhindwa. Hakuwahi kuuliza ni nani kati yetu aliyekosea. Aliutazama ule mchanganyiko wa rangi kama mwalimu wa zamu anayeita majina, akauliza ni nani kati ya vilivyomo ambaye hakufanya kazi yake.

"Gundi, Madam."

"Kwa nini?"

"Inayeyuka kwa maji."

"Basi tutafute gundi inayoanza na maji na kumalizia bila maji."

Alirudi siku iliyofuata akiwa na jibu, na jibu lenyewe lilitufanya tutazamane. Maziwa. Ukiyagandisha maziwa, alisema, ule mgando mweupe ukiuosha na kuuchanganya na chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, unapata gundi ambayo ikikauka haiyeyuki tena. Watu wamepaka kuta kwa maziwa tangu zamani. Chokaa alijua pa kuipata. Kwao Kipini nyumba nyingi za zamani zimejengwa nayo, na fundi mmoja Garsen alikuwa na pipa lililookolewa. Lakini maziwa?

Kila mtu aligeuka kumwangalia mwenzangu wa dawati.

Nilikwenda naye kwao Jumamosi. Sitajifanya kwamba lilikuwa jambo dogo. Kati yetu wakulima wa mtoni na wao wafugaji kumekuwa na maneno ya miaka mingi juu ya malisho na mashamba, na mimi sikuwahi kuingia boma la Muorma. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, mwanamke mrefu aliyefunikwa shela, akinitazama huku binti yake akimweleza kwa Kiorma. Kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Maziwa kupaka ukuta? Hiyo ni shule gani?"

"Mama, ni kwa ajili ya ubao. Tuandike."

"Ng'ombe wangu wengi maji imebeba. Iliyobaki inatoa kidogo. Watoto wanakunywa. Wewe unataka kupaka ukuta."

Alikuwa na haki. Nilisema, "Samahani, Mama," nikasimama niondoke, na niliona aibu kwa ajili yetu sote, hata kwa ajili ya mwalimu.

Jumatatu tulimweleza mwalimu. Nilitegemea akasirike au akate tamaa. Alisema, "Mama huyo amesema kweli, na mimi sikufikiri vizuri. Nipelekeni nimwombe radhi." Akaenda nasi jioni ile ile kwa miguu, viatu mkononi, akipita kwenye matope. Wakaketi wale wanawake wawili wakizungumza mambo ya mafuriko kwanza, nani amepoteza nini. Mwalimu aliposimama kuaga, alimwuliza, kama anayeuliza jambo la kupita tu, siku hizi barabara ikiwa imekatika, maziwa ya kuuza yanakwenda wapi.

"Watoto wakishiba, yanayobaki yanaharibika," alisema mama. "Mimi natikisa, natoa siagi. Yale ya chini tunamwaga."

Mwalimu aliketi tena.

"Siagi ni yako, Mama. Hatuitaki hata tone. Mafuta yangetuharibia gundi. Yale unayomwaga ndiyo tunayoomba."

Yule mama akamtazama, akanitazama mimi, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Siagi yangu. Mengine chukueni," alisema. "Lakini nije nione hiyo ukuta."

Siku ya kuchanganya, darasa lilinuka vibaya mno. Wavulana walifunga pua kwa kola za mashati. "Madam, hii ni rangi ama ni maziwa mala?" mmoja alisema. "Inanuka noma!" Chokaa mwalimu hakuturuhusu kuigusa, aliitia mwenyewe, amevaa glavu na miwani ya maabara, ametuondoa sote hadi dirishani, akitueleza kwamba chokaa inaweza kula ngozi na macho, na kwamba kujua kazi ya kitu ni pamoja na kujua kinavyoweza kukuumiza. Ule mgando mweupe uliokuwa kama jibini ulilainika ukawa uji unaonata, hapo hapo, ndani ya beseni. Tukatia masizi yaliyozamishwa kwa sabuni. Tukapaka kipande kidogo cha ukuta.

Kilikauka kikiwa kijivu. "Nani amezidi?" Chokaa, Madam. Tukapunguza. Kingine kilipasuka nyufa kama ardhi ya kiangazi. Gundi ilikuwa nyingi mno. Kingine kiliacha weusi kwenye vidole; gundi ilikuwa kidogo mno. Ukuta ule ukajaa viraka, kila kimoja na alama yake, na yeye alikataa tuvifute. Alitaka tuone njia tuliyopita. Wakati mwingine alikaa mbele ya viraka vile peke yake wakati wa chakula, mkono shavuni, na ungedhani anatazama picha za watoto wake.

Hatimaye tukapata kiraka cheusi, kigumu, kilichofutwa kwa maji kikabaki. Tulishikana mikono. Mwalimu akachukua chaki akaandika. Chaki iliteleza. Iliacha mstari hafifu, ikalia kwa sauti ya kukera meno.

Kisha mwenzangu wa dawati akasema, "Hakuna wa kushika chaki. Hatukumwajiri."

Kweli. Tulikuwa na mwenye kazi ya weusi, mwenye kazi ya kunata, mwenye kazi ya kupatanisha. Wa kushika chaki hatukumweka. Mmoja alisema mchanga. Tukajaribu, ukawa kama kuandika barabarani, chaki ikaisha kwa sentensi moja. Mwingine alisema majivu, yakaupausha weusi.

Wazo langu lilinijia kwa sababu ya mama yangu. Hemani, dawa ya meno ilipokwisha, alisaga makaa tukapigia mswaki. Kila asubuhi nilikuwa naisikia ile mikwaruzo midogo kwenye meno. Masizi hayakwaruzi, ni laini kama poda. Makaa yaliyosagwa hukwaruza kidogo tu, na ni meusi yale yale.

Niliinua mkono. Sikuwa nimewahi kuinua mkono kwenye kemia. "Madam, tuweke makaa. Ya kusaga. Pamoja na masizi."

"Kwa kazi gani?"

"Yashike chaki."

"Na weusi?"

"Hayatauharibu. Nayo ni meusi."

Hakusema ni sawa wala si sawa. Alinipa kinu. Nilisaga, nikachekecha kwa shela ya mwenzangu wa dawati, tukatia kidogo, tukapaka, tukangoja. Kesho yake mwalimu alinipa chaki mimi. Niliandika jina la shule yetu. Chaki ilishika, ikatoa ile sauti kavu, ya kawaida, ambayo sisi sote tulikuwa tumeisikia maisha yetu yote bila kuisikiliza. Mwenzangu alikwenda akaketi dawati la mwisho kabisa, akakunja macho yake mabovu, akasoma kwa sauti. Nilifuta kwa kitambaa cha maji. Maandishi yakaondoka, weusi ukabaki.

Mwalimu alivua miwani ya maabara, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Tulipaka ukuta mzima, kisha madarasa mengine. Yule mama wa maziwa alikuja kama alivyosema. Alipitisha kiganja ukutani, akakinusa, akauliza yako wapi maziwa yake. Binti yake akamwonyesha: yamo humo, ndiyo yanayoshika vingine. Akatikisa kichwa akatuambia tumtandikie mkeka, ameleta chai ya maziwa, ya kunywa hiyo. Mama yangu alikuwapo pia siku ile. Waliketi mkeka mmoja wakinywa, na maneno yao yalikuwa juu ya bei ya sukari.

Kidato cha nne walifanya mtihani wao. Maji yalipopungua na barabara ya Hola kupitika, habari za ubao wetu zilikuwa zimetutangulia. Shule ya msingi moja huko Kinakomba ilituomba tukawaonyeshe. Mwalimu alitupakia kwenye gari lililokuwa likipeleka madawati, na sisi tulidhani atafundisha yeye kama kawaida. Tulipofika aliingia darasani, akatazama huku na huku, akaenda akajibana kwenye kidawati cha nyuma kati ya watoto wa darasa la nne, magoti yakimfika karibu na kidevu.

Mimi na mwenzangu tulisimama mbele na beseni letu. Tulipofika kwenye sabuni, nilisahau kueleza ni ya nini, nikawa narukia gundi. Mkono ukainuka kule nyuma.

"Madam," mwalimu wetu aliniita, kwa adabu kabisa, mbele ya watoto wale. "Sikuelewa. Hiyo sabuni ina kazi gani?"

Hapakuwa na mzaha usoni mwake. Alikuwa ameshika penseli, anangoja. Nikamweleza, pole pole, kuhusu masizi na maji, na watoto wakasogea karibu kuona, na nilipomaliza aliandika nilichosema.

Mwaka uliofuata alihamishwa kwenda karibu na kwao. Mwenzangu wa dawati alipata miwani, akamaliza shule, na sasa anafundisha hisabati upande wa Nanighi. Mimi ninasomea famasia Mombasa. Wahadhiri wetu ni wazuri, wengine mashuhuri, na maabara zao zina kila kitu, kila chupa na jina lake. Lakini bado sijakutana na mwingine anayeweza kuketi kwenye kiti cha mwanafunzi wake na kumwuliza swali, akitaka kweli kulisikia jibu.